Kabla hujachimba kile kichuguu

Kila mtu wa Mwanza anamjua korongo wa dampo. Yule mkubwa mwenye upara na ule mfuko wa ngozi ya pinki unaning'inia shingoni, vitabuni utakuta anaitwa kongoti ila mtaani ni korongo tu basi. Nenda Mwaloni Kirumba asubuhi watu wakiwa wanapara samaki, utamkuta kasimama pembeni anasubiri matumbo, hana haraka na mtu, akinyooka anafika mita moja na nusu, na ile miguu yake unayoiona myeupe wala sio myeupe, ni myeusi, ule weupe ni kinyesi chake mwenyewe, anajinyea miguuni makusudi jua likiwa kali ili ule unyevu ukikauka umpunguzie joto. Watu wanamdharau sana huyu ndege. Mi namheshimu, anakula uchafu wetu bila posho wala kizibao.

Nimemtanguliza yeye maana ndo ndege ambaye mtu wa hapa anamwona bila kutaka. Wengine wote inabidi utake. Na kutaka hapa kwetu kuna gharama yake, ukisimama njiani unaangalia juu ya mwembe kwa dakika kadhaa watu wanakuja kusimama pembeni yako nao waangalie kuna nini, ukiwaambia naangalia ndege wanaguna, mmoja ataondoka akisema huyu ni dalali anapima kiwanja.

Naishi Luchelele, kule mbele ukishapita Nyegezi na Malimbe, ziwa liko upande huu, mawe upande ule, na hapo katikati kila siku kuna lori linashusha mchanga. Nikiongelea ndege na watu wa ofisini jibu ni lile lile, nenda Serengeti, au panda boti uende Saanane. Saanane ni pazuri sikatai, palianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, mwaka 2013 pakawa hifadhi ya taifa, na pako hapo hapo jirani na Capri Point. Lakini ndege wengi unaoenda kuwalipia kule wako pia kwenye waya wa umeme nje kwako, wanakunyea gari kila siku na hujawahi kuwauliza majina.

Chukua mdiria, yule mwenye madoa meusi na meupe anayekaa kwenye nguzo za gatini na kwenye kamba za mitumbwi. Anapanda hewani, anapiga mbawa palepale bila kusogea, kichwa kimetulia kabisa kinatazama maji, halafu anajitupa. Dume ana mikanda miwili myeusi kifuani, jike ana mmoja na mara nyingi umekatika katikati, ukishalijua hilo utajikuta kila ukisubiri kivuko pale Kamanga unahesabu mikanda. Samaki akiwa mdogo anammeza huko huko juu bila kurudi kutua, ndo maana unaweza kumkuta mbali ziwani ambako hakuna hata jiwe la kukalia.

Huyu mdiria ana historia inayofanana na ya kwetu wote. Zamani ziwa lilikuwa limejaa furu, wale samaki wadogo wa asili ya hapa, aina zaidi ya 500, sangara akapandikizwa miaka ya 1950 na 60, kufika miaka ya 1980 furu wakawa wamekwisha sehemu kubwa. Sasa mdiria huwa anatapika vidonge vya mifupa na magamba anayoshindwa kusaga, na kuna watafiti waliviokota hapa hapa kwenye Ghuba ya Mwanza wakavichambua, wakakuta ndege ambaye mwanzo alikuwa anakula furu kahamia kwenye dagaa. Na dagaa ni mdogo, kwa hiyo ili ashibe inabidi avue wengi zaidi kuliko zamani. Yaani na yeye maisha yalipanda.

Kuna jingine. Mtafiti anaitwa Heinz-Ulrich Reyer aliwalinganisha mdiria wa Ziwa Victoria na wale wa Ziwa Naivasha kule Kenya, kazi yake ilitoka mwaka 1980, akakuta kwamba huku kwetu ambako kuvua ni kugumu zaidi, wenye kiota wanakubali dume mwingine asiye hata ndugu aje kusaidia kulisha watoto, wakati Naivasha akitokea kwa kawaida wanamtimua. Huyo msaidizi naye anapiga hesabu zake, akizoeleka pale nyumbani huenda mwakani akapewa mke. Nilipomsimulia shemeji yangu anayekaa kwetu akitafuta kazi alicheka, ila jioni ile alienda sokoni mwenyewe bila kuagizwa.

Fundichuma nisimpite. Yule wa kahawia mwenye kichwa kilichochongoka nyuma kama nyundo, anapenda vijito na madimbwi, hata Mto Mirongo na uchafu wake wote anaingia. Kiota chake ni maajabu, kinapita mita moja na nusu, vijiti maelfu, kina paa, kina mlango umesakafiwa kwa tope, mtu mzima anaweza kusimama juu na kisiporomoke. Na anajenga zaidi ya kimoja, vingine hata havikai, basi wapangaji wanahamia, bundi, bata bukini, kenge, nyoka. Watu wengi wanamwogopa, wanasema ni ndege wa mambo, ukibomoa nyumba yake na yako haitabaki salama. Kwa mimi hiyo imani iachwe kama ilivyo, imemlinda kuliko bango lolote.

Kwarara wanapita juu saa kumi na mbili asubuhi wakipiga kelele ambazo sitaki kuzielezea mtu akiwa na hangova. Chozi wako kwenye maua ya uzio. Kunguru wetu ni yule mwenye kifua cheupe, sio yule wa Dar wa shingo ya kijivu, yule asili yake ni India na aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 halafu akakataa kuondoka.

Haya sasa, mchwa.

Pembeni ya kwangu kuna kiwanja hakijajengwa, mwenyewe yuko Geita kwenye shughuli zake, na ndani yake kuna kichuguu kinanizidi urefu na kichaka kimeota juu yake. Kwenye hicho kichaka anaishi tipitipi, wengine wanamwita dudumizi, ndege wa kahawia mwenye jicho jekundu, mzito wa kuruka, muda mwingi unamsikia tu, sauti inashuka bu-bu-bu-bu-bu kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba. Wazee wanasema anaita mvua. Kwa nilivyomsikiliza anaita hata kiangazi, ila mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa anazidisha, kwa hiyo wazee hawajakosea sana.

Mvua za vuli zikishanyesha ile ya kulowanisha kweli, sio manyunyu, kuna siku mchana jua linatoka baada ya mvua na kile kichuguu kinafunguka. Unaona vitundu vidogo pembeni, mchwa askari wametoka kulinda mlango, halafu kumbikumbi wanaanza kumiminika. Ndo utajua mtaa wako una ndege wangapi, maana wanatoka wote. Shore wanakuja wa kwanza, hawakosagi, shomoro na kwera wanadakia kwenye majani, mbayuwayu waliofika kutoka Ulaya tangu Septemba au Oktoba wanapita wakikata hewa chini chini, na juu yao mwewe, huyu ndo wa kumtazama, anamdaka kumbikumbi kwa kucha, anapeleka mguu mdomoni na kula akiwa bado anaruka, hatui. Kunguru wanakimbia chini pamoja na kuku wa jirani. Siku moja kongoti naye alitua pale kiwanjani akatembea taratibu akiokota mmoja mmoja na ule mdomo wake mrefu, nikajua basi taarifa imefika hadi Kirumba. Na kwenye mawe wale mijusi wetu wa kichwa cha pinki na mwili wa bluu, ambao jina lao la kisayansi limebeba jina la mji huu, Agama mwanzae, watu wa nje wanawapenda kwa sababu wana rangi za Spider-Man, sisi tunawatupia mawe.

Watoto nao wako na ndoo. Wakitoka usiku kazi ni rahisi, beseni la maji chini ya taa, asubuhi unakaanga na chumvi kidogo na mafuta hayahitajiki maana wana ya kwao. Kwa hiyo mtu, mwewe, mjusi na kuku wote siku hiyo tunakula meza moja, na wale wachache wanaobaki hai ndo wenye shughuli yao, maana ile ni safari ya harusi, wanadondosha mabawa, dume na jike wanafuatana kwa mstari chini kutafuta pa kuchimba.

Hapo ndo pananipeleka kwenye uyoga.

Hawa mchwa wa vichuguu vikubwa hawaishi kwa kula kuni na majani makavu hivi hivi. Wanayatafuna, wanayapeleka chini, wanayajengea sega, na kwenye hilo sega wanalima kuvu. Kuvu ndo inayalainisha yale makuni mpaka yanaliwa. Ni kilimo kabisa, na ni cha zamani kuliko mtu yeyote, kule bonde la Rukwa, hapa hapa Tanzania, yamepatikana masega ya namna hiyo yaliyogeuka mawe yenye umri wa karibu miaka milioni 25. Sasa wale bibi na bwana harusi wa aina nyingi za mchwa wanaondoka nyumbani bila mbegu. Wanachimba, wanazaa watoto wa kwanza, na watoto wakianza kutoka nje kutafuta chakula inabidi waikute mbegu huko nje. Nani anaimwaga? Ni uyoga. Wiki kadhaa baada ya kumbikumbi kuruka, ile kuvu iliyoko chini kwenye vichuguu vya zamani inasukuma shina lake juu kupita kwenye udongo mgumu, inafungua mwamvuli, inamwaga vumbi lake, na vumbi hilo linabebwa na vijana wa nyumba mpya hadi shambani kwao.

Mi nilivyoelewa hivi nilikaa kimya kwanza. Yaani ule uyoga tunaoununua kwa mafungu barabarani wakati wa mvua, mama kaupanga kwenye jani la mgomba, ni mbegu ya mchwa iliyokatizwa safari.

Ukiung'oa vizuri utaona una mzizi mrefu unaozidi kuwa mwembamba kwenda chini, usiuvute kwa nguvu, unaenda mpaka kwenye sega. Kofia ina kincha katikati, kimechongoka, ndo unachotobolea ardhi. Kuna mkubwa na kuna ule mdogo mdogo unaotoka kama zulia jeupe, huo unaota kwenye vipande vya sega ambavyo mchwa wamevitoa nje. Kule Zambia upo wa jamii hii ambao kofia yake inaweza kukaribia mita moja, mmoja tu unalisha ukoo.

Elimu yangu ya kula sijaipata kwenye simu. Jirani yangu ni mama mmoja wa Ukerewe, mtu mzima, nikipita lazima nimpe shikamoo na lazima anishike dakika kumi. Niliwahi kumpelekea picha ya uyoga mweupe mkubwa uliotoka kwenye nyasi za bustani ya gesti moja hapa karibu, mzuri, mnene, una pete kwenye shina, nikamuuliza mama huu vipi. Hakutazama hata mara mbili. "Umeutoa wapi, kwenye kichuguu?" Nikamwambia hapana mama, kwenye majani ya bustani. "Basi huo ni wa kuangalia, mwanangu. Nenda kauangalie."

Baadaye nikausoma. Huo wa kwenye bustani unaitwa Chlorophyllum molybdites, umeenea nchi nyingi za joto, na ni miongoni mwa uyoga unaoongoza kuwaumiza watu duniani kwa sababu unafanana na ule mzuri na unaota palepale watu wanapopita. Ukiwa mchanga mapezi yake chini ya kofia ni meupe, ukikomaa yanaingia ukijani. Ukila, saa chache tu unatapika na kuharisha mpaka unaitwa jina la utotoni. Na zile kanuni tunazorithishana mtaani, sijui ukipika na kitunguu kikibadilika rangi ndo una sumu, sijui ukikuta funza wameula basi ni salama, sijui ukichemsha sana sumu inaisha, zote ni za uongo, upo uyoga unaoua ambao kuupika hakuupunguzii kitu na funza wanaula na kunenepa. Na hata haya niliyoandika ya mzizi na kincha usiyachukue ukaenda nayo porini peke yako. Mi nachuma nikiwa na yule mama, asipokuwepo napiga picha naacha. Ye mwenyewe hachumi kwenye kichuguu asichokijua, ana vyake, na kila mwaka vinatoka palepale, hakuonyeshi mpaka akuzoee.

Kuna na ule wa kuangalia tu wa furaha. Kwa fundi seremala hapa mtaani kuna lundo la maranda yameoza kwa mvua, chuchumaa utaona vikombe vidogo vya kahawia, vipana kidogo kuliko kichwa cha msumari, na ndani ya kila kikombe kuna vitu vya mviringo, ukivitazama utaapa ni kiota na mayai. Nao ni uyoga. Tone la mvua likidondokea mle ndani linayarusha hayo mayai hadi kufika mita moja. Nilimwonyesha fundi akasema miaka yote anakanyaga pale na hajaviona, halafu akamwita kijana wake, halafu wakaacha kazi wote, na kitanda changu kikachelewa.

Sasa tatizo. Udongo wa kichuguu ni mali. Unafyatuliwa tofali, unakandikwa ukuta, unasakafia, wajawazito wanautafuna, na kwa mtu mwenye kiwanja kichuguu ni kitu cha kwanza kuondoa kabla hata ya kuchimba msingi. Sikatai, mchwa kwenye nyumba ni hasara, mlango wa mbao unakuwa vumbi ukiutazama. Ila ukihesabu vilivyokuwepo kati ya Nyegezi na huku kwetu na vilivyobaki utaona ni vichache, na wanaouza uyoga barabarani ukiwauliza wanautoa wapi wanakutajia Usagara, Misungwi, mbali na mjini kila mwaka. Watu wanasema mvua zimebadilika ndo maana uyoga hakuna. Mvua inaweza kuwa na yake, lakini ndugu yangu umechimba shamba lenyewe ukafyatua tofali, uyoga utoke wapi?

Na ndege ni vivyo hivyo. Mdiria hana shida na kichuguu, yeye na dagaa wake. Lakini tipitipi anakosa kichaka, na siku ile ya karamu ya mwaka inabaki ya wale wanaokula dampo.

Mwezi uliopita mwenye kiwanja alikuja na fundi kupima. Fundi akasema hiki tunakichimba mpaka kwa malkia tumtoe, la sivyo kitarudi. Nikatoka, nikawasalimia, nikawapa maji, nikaanza siasa. Nikamwambia mzee, kichuguu chenyewe kiko pembeni kabisa kwenye kona ya nyuma, nyumba yako kwa ramani hii haifiki huko, hapo umepanga shimo la choo, lisogeze tu upande wa barabara ambako hata gari la kunyonya litafika kirahisi. Hilo la gari lilimwingia. Akamtazama fundi, fundi akasema inawezekana. Nikaongeza na la uyoga, nikamwambia kila Desemba hapa unatoka wa kujaza sinia.

Akanyamaza kidogo. Halafu akauliza, "Na miaka yote hiyo nani amekuwa anauchuma?"

Nikatazama upande wa kwa mama wa Ukerewe, naye alikuwa kasimama uani kwake na ungo mkononi anasikiliza kila neno, na kabla sijafungua mdomo alishaanza kuja.

"Shikamoo mama," mwenye kiwanja akasema.

"Marahaba baba. Nusu yako, nusu yangu. Na huyu kijana anapiga picha tu, huwa hahesabiwi."